Gesi inayopita Kibiti haina kitambulisho

Wadau, naomba radhi kwa ukimya. Nilikuwa Kibiti kwenye msiba wa shangazi yake rafiki yangu, na huko nilikofikia mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nimerudi na swali moja lililoninyima usingizi, na kwa kuwa sipendi kukosa usingizi peke yangu, nawaletea na ninyi.

Swali nililiulizwa na mzee mmoja anayeuza madafu kando ya barabara ya kwenda Ikwiriri. Mita chache nyuma ya meza yake vimesimama vile vibao vya kuonya watu wasichimbe wala wasijenge, maana chini linapita bomba la gesi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kamera niliyoibeba begani.

"Mjukuu wangu, wanasema wewe mwandishi wa habari."

"Ndiyo, babu."

"Haya, nieleze. Hiyo gesi inayopita hapo chini ya vibao, ya Kilwa au ya Mtwara?"

Nikajibu kwa haraka ya mtu wa mjini: "Ya Watanzania wote, babu."

Akakata dafu, akanipa, akasema: "Hilo jibu la mkutano wa hadhara. Mimi nimekuuliza ya wapi."

Waliokuwepo wakacheka. Mimi nikanywa dafu langu kwa aibu.

Tuanze na yale yanayojulikana. Kuna mabomba mawili. La kwanza lilianza kazi mwaka 2004. Linatoka kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, linapita kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo. La pili lilizinduliwa Oktoba 2015. Hilo ni nene, inchi 36, linatoka Madimba kule Mtwara na kwenda hadi Kinyerezi, na linapofika Somanga Fungu linapokea tawi jingine kutoka Songo Songo. Somanga iko kusini ya Kibiti. Maana yake ni kwamba gesi ya bomba kubwa inapofika kwenye vibao vya babu imeshachanganyika, ya Kilwa na ya Mtwara, haiwezekani tena kuitenganisha kwa macho wala kwa pua.

Sasa utasema: kaka, swali la mzee lina umuhimu gani? Gesi ni gesi, umeme ukiwaka inatosha.

Umesahau haraka hivyo? Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka, Januari na tena Mei, kwa sababu ya neno hilo hilo "ya wapi". Watu walisema gesi haitoki, damu ikamwagika, nyumba zikachomwa. Halmashauri ya Kilwa nayo ilidai kodi ya huduma, asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni, kwa hoja kwamba gesi inachimbwa kwao ingawa ofisi za kampuni ziko Dar. Jina la mahali gesi inakotoka lina hela ndani yake. Mzee wa madafu hakusoma mkataba hata mmoja, lakini aliuliza swali ambalo mikataba yote inalizunguka.

Watu wa serikali wakiulizwa hujibu kwa neno moja: mita. Kuna mita Madimba, kuna mita Songo Songo, kila mmoja anajua alichoingiza kabla ya kuchanganya. Sawa, nakubali. Kwa swali la Kilwa na Mtwara, mita inajibu. Ila mita inajua wingi, haijui asili. Itakwambia kisima fulani kimetoa kiasi gani jana. Haiwezi kukwambia kiasi hicho kimetoka kwenye mwamba upi huko chini. Na ugomvi wangu wa leo uko hapo chini.

Watu wengi tunadhani kisima cha gesi ni kama mtungi uliozikwa ardhini. Sivyo. Muulize mkulima yeyote wa Rufiji anayelima mlau, kile kilimo cha kungoja mafuriko yapungue. Achimbe kisima cha maji kwenye bonde lake uone ukuta wake: tope, mchanga, tope, mchanga mwingine, tope tena. Kila mto unapofurika unaacha tabaka lake. Mchanga una nafasi katikati ya chembe zake, tope linaziba. Sasa chukua bonde la namna hiyo, lizike chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka, ligeuke mwamba. Mchanga ndio unaohifadhi mafuta na gesi, tope ndilo linalofunika. Gesi ya Mnazi Bay iko kwenye michanga iliyoletwa na Ruvuma ya zamani, kama ambavyo Rufiji inavyoshusha mchanga baharini hadi leo. Delta yetu, yenye mikoko ya hekta zaidi ya 50,000, ni picha ya jinsi ghala la gesi linavyotengenezwa, ghorofa juu ya ghorofa.

Kisima kimoja kinaweza kutoboa ghorofa mbili, tatu, nne. Kampuni ikiona ni gharama kutoa moja moja, inafungua zote, vyote vinapanda kwa bomba moja. Juu unaona mtiririko mmoja tu. Nani anajua ghorofa ya pili imetoa ngapi na ya nne ngapi? Nani anajua kama ya tatu imeshakufa na inanyonya maji? Nani anajua kama ukuta wa bomba umetoboka na gesi ya tabaka moja inavuja kuingia tabaka jingine?

Jibu ni kemia. Na wala si kemia mpya.

Miaka ya 1980 wataalamu wa kampuni ya Chevron, akina Kaufman na wenzake, walichapisha njia ya kusoma mafuta kama polisi wanavyosoma alama za vidole. Mafuta ghafi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli za haidrokaboni, yaani haidrojeni na kaboni zilizoungana kwa namna nyingi: nyingine minyororo mirefu, nyingine yenye matawi, nyingine pete. Unachukua tone moja, unaliingiza kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Ndani kuna mrija mwembamba sana, mrefu wa makumi ya mita, umekunjwa kama chemchemi. Molekuli nyepesi zinatoka mapema, nzito zinachelewa. Mashine inachora mstari wenye vilele vingi, kila kilele ni molekuli yake, na urefu wa kilele ndio wingi wake.

Vilele vikubwa vinafanana karibu kwa mafuta yote ya eneo moja. Siri iko kwenye vile vidogo vidogo katikati. Mafuta ya tabaka la juu na ya tabaka la chini, hata kama yamezaliwa na mwamba mmoja, yalipanda kwa nyakati tofauti, yakakaa kwenye joto tofauti, mengine yakaliwa na bakteria kidogo. Vilele vidogo vinakumbuka hayo yote.

Mama yeyote wa pwani anaelewa hili bila mashine. Nazi ni moja, lakini tui la kwanza na tui la pili si kitu kimoja. Mpishi hodari ukimwekea mchuzi atakwambia kama umetia la kwanza lote au umelichakachua na la pili. Wakemia wanafanya hivyo hivyo, ila kwa hesabu. Wanachukua sampuli safi ya tabaka la kwanza, sampuli safi ya tabaka la pili, wanazichanganya maabara kwa vipimo wanavyovijua wenyewe, wanaona vilele vinabadilikaje. Kisha wanachukua mafuta yanayotoka kisimani, wanayalinganisha. Hesabu inatoa jibu: asilimia kadhaa ya juu, asilimia kadhaa ya chini. Kisima hakisimamishwi hata dakika moja. Njia nyingine ni kushusha vyombo vya kupimia kisimani, na hiyo ni kazi ya gharama kubwa na hatari zake.

Sasa shikeni neno moja hapo juu: sampuli safi. Bila sampuli safi ya kila tabaka, iliyochukuliwa kabla ya kuchanganywa, njia yote hii imekufa. Ni kama kumtafuta mwizi kwa alama za vidole wakati hukuwahi kuchukua alama za mtu yeyote. Na wakati bora wa kuchukua sampuli hiyo ni mmoja: kisima kinapochimbwa na kujaribiwa. Ukikosa siku hiyo, kuipata baadaye ni kazi ngumu.

Hapo ndipo ninapochoka, jamani.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na Agip. Mnazi Bay mwaka 1982, Agip tena. Biashara ya Songo Songo ilianza 2004, ya Mnazi Bay 2006. Mkuranga, jirani kabisa na Kibiti, Maurel & Prom walipata gesi mwaka 2007. Kiliwani Kaskazini, kilomita chache tu kutoka Songo Songo, iligunduliwa 2008, ikaanza kuingia bombani mwaka 2016, na haikuchukua muda shinikizo likashuka na kisima kikanyamaza. Mwananchi wa kawaida aliambiwa nini? Kwamba shinikizo limeshuka. Basi. Je, ule ulikuwa mfuko mdogo uliojitenga, au ulikuwa na mlango wa siri kwa jirani yake? Hilo ni swali la kemia na shinikizo, na lina majibu yanayopimika. Kampuni mbili tofauti, leseni mbili tofauti, mwamba mmoja wa jirani. Kama kuna mlango, kisima cha mmoja kinaweza kuvuta gesi ya mwenzake na mita ikaihesabu kwa jina lake kwa uaminifu kabisa. Simtuhumu mtu wizi. Nasema kwamba kwenye nyumba ya wapangaji wawili wenye luku moja, mwenye nyumba makini hataki kusikia hadithi, anataka kipimo.

Rafiki yangu mmoja msomi wa miamba (ameniomba nisimtaje, ana watoto wa kusomesha) alinikatisha hapo. "Wewe mwandishi unachanganya mambo. Hayo ya vilele ni ya mafuta. Gesi ya Songo Songo ni kavu, karibu asilimia 97 ni methani. Methani ni kaboni moja na haidrojeni nne, ni molekuli ile ile Kilwa, Mtwara, Qatar. Utasoma alama gani hapo?"

Hoja nzuri. Nilimpa nafasi, naye alinipa jibu lake mwenyewe baada ya kahawa ya pili. Kaboni yenyewe si moja. Nyingi ni kaboni-12, na kama asilimia moja ni kaboni-13, nzito kidogo. Uwiano wa hizo mbili ndani ya methani, ndani ya ethani, ndani ya propani, unategemea gesi ilipikwa kutoka kwenye nini na kwa joto gani. Hizo isotopu ndizo alama za vidole za gesi kavu. Kuna na gesi za pembeni zisizoungana na kitu, kama heliamu na agoni, ambazo nazo hubeba historia ya mwamba. Na yale matone machache ya mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi yanasomeka kwa vilele kama kawaida. Jibu linakuwa na ukungu zaidi kuliko la mafuta, na mahali ambapo matabaka mawili yanafanana kabisa, kemia inanyoosha mikono. Sawa. Lakini kwanza upime ndipo useme haisomeki.

Tena niwe mkweli, maana najua kuna watu watanirukia. Kuna mabishano ambayo kemia haiwezi kuyaamua. Mkataba wa Songo Songo wa mwaka 2001 uligawa gesi ya kisiwa kile kwa karatasi: kuna iliyoitwa gesi iliyolindwa, ya kuendeshea mitambo ya Ubungo na kiwanda cha saruji Wazo Hill kwa masharti nafuu, na kuna gesi ya ziada ya kuuza. Utaratibu huo ulidumu hadi tarehe 31 Julai 2024. Gesi zote mbili zilitoka mwamba ule ule. Hapo hakuna mashine duniani itakayokwambia hii ni ya kulindwa na hii ni ya ziada, kwa sababu tofauti ilikuwa kwenye wino. Mwaka 2011 kamati ya Bunge ilipohoji gharama ambazo PanAfrican Energy ilijirejeshea, na kampuni ikakana, ule nao ulikuwa ugomvi wa vitabu vya hesabu.

Lakini hilo linanipa nguvu badala ya kunipunguzia. Kama sehemu moja ya hesabu lazima tuiamini karatasi, basi kwa nini na ile sehemu inayopimika nayo tuiamini karatasi?

Tumeshawahi kuungua kwa moto huu. Mwaka 2017, kumbukeni makinikia. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikachukua sampuli, ikapima, ikatoa namba za dhahabu kubwa mno. Acacia wakasema namba hizo hazina ukweli. Nchi nzima ikagawanyika: ukiamini kamati wewe mzalendo, ukiuliza swali wewe kibaraka. Mwisho wake Barrick wakakaa na serikali, ikaundwa kampuni ya Twiga mwaka 2019, wakakubali kulipa dola milioni 300. Lakini swali la awali, la ndani ya kontena kuna nini, lilimalizwa na wanasiasa na mawakili mezani. Kwa nini? Kwa sababu ugomvi ulipozuka hapakuwa na kipimo kimoja ambacho pande zote mbili zilikikubali.

Kontena angalau unaweza kulizuia bandarini. Gesi hulizuii. Imechomwa Ubungo, imechomwa Kinyerezi, imechomwa Wazo Hill. Ushahidi wetu tunauchoma kila siku, tunawashia taa, halafu chini ya taa hizo hizo tunakaa kubishana nani katuibia. Kila mwaka unaopita shinikizo linashuka, matabaka yanachanganyika zaidi, na sampuli safi inazidi kuwa hadithi.

Sasa nirudi delta, maana wengine mtadhani haya ni mambo ya Kilwa na Mtwara, Kibiti ni njia tu.

Ndani ya bonde la Rufiji kuna mahali panaitwa Wingayongo. Pale mchanga uliogeuka mwamba umelowa lami, mafuta ya kale yaliyopanda hadi juu yakakauka. Hakuna aliyeyamwaga isipokuwa Mwenyezi Mungu. Pemba kuna Tundaua, Mtwara kuna Msimbati, kote huko ardhi imetoa mafuta yenyewe. Wataalamu wanajua. Mwaka 1994 Mpanju na Philp walichapisha kwenye jarida la Organic Geochemistry uchambuzi wa lami, michirizi ya mafuta, miamba na mafuta mepesi ya Tanzania. Miaka thelathini na zaidi iliyopita! Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba kemia hii ni ya Wazungu na sisi bado hatujafika. Tulifika, tukakaa chini, tukasinzia.

Sasa fikiria. Meli za mafuta zinapita nje ya Mafia. Kumewahi kuwa na leseni za utafutaji zilizotajwa kwa jina la Rufiji na Mafia. Siku moja, Mungu apishe mbali, madonge ya lami yanakutwa kwenye mikoko ya vijiji vya delta, kaa wamekufa, kamba hawashiki, wavuvi wanalia njaa. Wakienda kudai, unajua wataambiwa nini? "Hiyo ni lami yenu ya asili. Si mnayo Wingayongo?"

Unadhani natunga? Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska. Wakemia walipookota madonge ya lami kwenye fukwe wakakuta mengine hayakutoka kwenye meli ile kabisa. Alama zake zilikuwa za mafuta ya California, yaliyoletwa huko zamani na kumwagika kwenye tetemeko kubwa la mwaka 1964. Kemia ilimtetea mtuhumiwa kwa madonge hayo na ikamshika kwa mengine. Ndivyo haki inavyotakiwa: isimwonee kampuni, isimwonee mvuvi. Lakini Alaska walikuwa na sampuli za kulinganisha. Mvuvi wa Nyamisati ana nini? Ana neno lake tu, na neno la mvuvi mbele ya wakili wa kampuni nyote mnajua lina uzito gani.

Na gesi vile vile. Tope la mikoko linabubujika methani lenyewe, kazi ya bakteria. Bomba nalo limebeba methani. Siku mwanakijiji akiona mapovu bondeni karibu na njia ya bomba, ni vinamasi au ni bomba limetoboka? Kwa macho huwezi kujua. Kwa isotopu unajua, kwa sababu methani ya bakteria ina kaboni-13 kidogo kuliko ile iliyopikwa na joto la ardhini. Kipimo kimoja kinaweza kuokoa kijiji, au kikaokoa kampuni na uzushi.

Basi tunataka nini? Nimechoka na makala zinazolalamika halafu zinaishia "serikali iangalie upya". Mimi nataka vitu vinne, na vyote vinawezekana.

Kwanza, kila tabaka linalofunguliwa katika kisima chochote cha nchi hii, sampuli zake zigawanywe sehemu tatu. Moja ya kampuni, moja ya PURA, moja ya chuo kikuu, iwe Dar es Salaam au Dodoma. Zote zifungwe kwa lakiri mbele ya mashahidi siku ile ile. Kwa visima vya zamani zitafutwe sampuli zilizopo popote zilipo, na visivyo na sampuli vitajwe hadharani kwamba havina.

Pili, vipimo vifanywe na maabara isiyolipwa mshahara na yule anayepimwa. Kama mashine ya isotopu ni ghali, inunuliwe moja ya taifa. Tumenunua mashangingi mangapi?

Tatu, majibu yachapishwe. Sheria tatu zilipitishwa mwaka 2015: ya petroli, ya mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi. TEITI inalinganisha kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na serikali. Safi sana. Lakini hiyo ni kulinganisha risiti na risiti. Iongezwe safu moja: gesi hii imetoka mwamba upi, na nani kathibitisha.

Nne, zichukuliwe sampuli za Wingayongo, za fukwe za delta na za tope la mikoko sasa hivi, kabla kisima kipya hakijatobolewa bondeni. Kazi ya wanafunzi wa shahada ya pili wawili na mtumbwi mmoja. Ikingojwa hadi siku ya maafa itakuwa kazi ya mawakili ishirini.

Najua majibu nitakayopewa. Mtu mmoja wa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja alishanipa la kwanza nilipompigia simu: "Hayo ni mambo ya kitaalamu, wananchi hawawezi kuyaelewa." Nilimshukuru nikakata simu. Jamani, mzee anayeuza madafu barabarani aliliuliza swali lenyewe kwa maneno kumi, bila digrii. Wananchi wanaelewa vizuri sana. Mchele wa Kyela ukichanganywa na mwingine wanajua. Petroli ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa wanajua, na kwa hiyo serikali yenyewe iliweka vinasaba kwenye mafuta ya magari ili kumkamata mchakachuaji. Ati sasa! Tumeweza kuyatia mafuta ya wenzetu alama ili tuyatambue, lakini mafuta na gesi yetu, ambayo Mungu ameshayatia alama bure, hatutaki kuisoma.

La pili nitaambiwa nawatisha wawekezaji. Mwekezaji mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika. Kemia hii waliivumbua wenyewe, kwa ajili ya faida yao wenyewe, wajue tabaka lipi bado lina kitu na lipi limekauka. Wanaitumia kwao. Anayeogopa kupimwa kwangu kwa mizani anayoitumia kwake ana lake jambo.

Nilipoondoka Kibiti nilipita tena kwa babu. Nikamwambia nimepata jibu: kwenye bomba moja ni ya Kilwa, kwenye jingine ni ya Kilwa na Mtwara zimechanganyika. Akatikisa kichwa akiridhika. Kisha akauliza la pili, akiwa ameshika panga na dafu:

"Na nani aliyekwambia?"

Nikasema wenye bomba.

Akakata dafu, hakusema neno.

Mjadala uko wazi. Wenye utaalamu wao nisahihisheni nilipokosea, wenye matusi yenu najua mtakuja tu. Tuonane wiki ijayo.